Mbegu za Kitani na Makofi ya Jumanne

Grace, aliyerithi kiti changu kwenye chumba cha lishe, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki mambo machache ya kazi. Nadhani alitaka kurasa mbili za mawaidha na maombi ya kufungia. Mawaidha sina, na maombi kuna walioajiriwa kuyafanya. Nitawaandikia habari za mbegu moja ndogo ya kahawia ambayo kila mmoja wenu ameshaulizwa habari zake, na za mzee mmoja wa Makongeni ambaye nilimkata jina kwa penseli na rula kwa sababu alikuwa ananiharibia karatasi yangu nzuri. Karatasi yenyewe iko kwenye droo ya pili, chini ya tepu za kupimia mikono ya watoto. Msiitupe.

Nilianzia Ruiru, kwenye kituo cha afya, mwezi wa Julai, na wanaoijua Julai ya Ruiru wanajua baridi yake. Siku hizo kahawa ilikuwa bado imetuzunguka, pale ambapo leo ni nyumba za ghorofa zimebanana mpaka Mwiki. Nilikuwa kijana mwembamba mwenye cheti kipya na koti jeupe lililonizidi mabega. Nilipoingia, akina mama waliokuwa wamejipanga kwenye benchi na watoto wao walinitazama kuanzia viatu.

"Huyu ndiye atatufundisha kupika?" mmoja alimuuliza jirani yake, kwa sauti ya kutosha nisikie. "Na hata yeye hajalishwa."

Nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza yenye uso kama wa saa, kaptura ya kitambaa ya kumtumbukizia mtoto, ubao wa kupimia urefu na daftari. Mkubwa wa pale alikuwa Sista Mutheu, nesi Mkamba kutoka upande wa Yatta, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Alinionyesha ndoano ya mizani, akaniambia watoto wapimwe uchi au karibu na uchi, akaenda kwenye chanjo.

Mimi nilikuwa na huruma. Watoto walikuwa wanatetemeka, akina mama walikuwa wananung'unika, kwa hiyo nikawapima na sweta zao, na kofia za sufu, na mmoja nadhani nilimpima na shali ya nyanya yake. Kufikia saa sita hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amepungua. Wote walikuwa wameongezeka. Nilimpelekea Sista daftari nikiwa nimevimba kwa furaha.

Akalisoma ukurasa mzima bila haraka. "Leo Ruiru nzima hakuna mtoto mwembamba," alisema. "Sasa Mwangi, tumshukuru Mungu ama tuangalie mizani?"

Tuliangalia mizani. Niliwarudia watoto wote, mmoja mmoja, nikiwavua sweta kwa mikono yangu mwenyewe huku mama zao wakiniambia maneno ambayo sitayaandika. Swali lile la Sista lilinifuata miaka yote ya kazi, na kama nami ningelifuata jinsi lilivyonifuata, kisa hiki kisingekuwepo.

Miaka ya Ruiru ilikuwa miaka ya uji. Mnaujua ugonjwa wa watu wetu: mama akiambiwa mtoto anahitaji chakula bora, hutia kila kitu kwenye unga mmoja. Wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, omena, mchele, maharagwe, na siku moja nilikuta mbegu za maboga na majani makavu ya terere. Mtoto akiharisha, hakuna anayejua ni kipi kilichomdhuru. Akinenepa, hakuna anayejua ni kipi cha kushukuru. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa vitu kwenye unga, na kumbe kutoa ni kugumu kuliko kuongeza, maana mama huona unamnyima mtoto wake. Nazikumbuka siku hizo kwa mapenzi ambayo sikuwa nayo zilipokuwa zinapita: harufu ya wimbi linalochemka kwenye sufuria ya maonyesho, na akina mama wakibishana nami kuhusu uji wa watoto wao kana kwamba mimi ndiye nitakayeamka kuupika.

Nilipohamishiwa Thika, kliniki ya sukari na presha, nilimkuta Sista Mutheu ametangulia. Miwani ilikuwa mipya lakini uzi ulikuwa ule ule. Huku wagonjwa walikuwa watu wazima, na watu wazima ni wagumu kuliko watoto kwa sababu wanajua kudanganya. Ukimuuliza mtu amekula nini jana, atakuambia ugali kidogo na mboga nyingi. Hakuna aliyewahi kuniambia chapati tatu, ingawa Thika nzima inanuka chapati.

Ndipo mbegu za kitani zikafika. Zilikuwa zinaliwa kwingine tangu kale, lakini kwetu zilitokea ghafla, kwanza kwenye maduka makubwa, katika pakiti ndogo zenye picha ya moyo, kisha kwenye semina za kanisa na kwenye simu za watu. Wengi waliziita flaksi. Kwa maelezo yaliyokuwa yanazunguka, zilikuwa zinatibu presha, sukari, saratani, uvimbe wa kizazi na kukatika kwa nywele. Ilibaki tu kusemwa kwamba zinarudisha mume aliyehama.

Kila Jumanne, siku ya kliniki, niliulizwa: "Daktari, hii flaksi inasaidia ama ni hadithi?" Mimi si daktari, na nilikuwa nimechoka kusema hivyo. Lakini swali lilikuwa la haki. Nikaenda Juja, ambako rafiki yangu aliyekuwa chuo kikuu cha pale alinipenyeza maktabani, nikakaa Jumamosi kadhaa nikisoma tafiti.

Niliyoyakuta nilitaka kuyaandika kwa herufi kubwa ukutani. Mbegu hizi zina nyuzinyuzi nyingi, zina mafuta ya aina ya omega tatu yanayotoka kwenye mimea, ambayo mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa yale ya samaki, na zina vitu viitwavyo lignani. Kwa watu wenye presha ya juu wanaozila kila siku kwa miezi, presha hushuka kidogo. Mafuta mabaya ya damu hushuka kidogo. Choo kigumu hulainika. Kwenye sukari, tafiti nyingine zinasema ndiyo na nyingine hazioni kitu. Kwenye saratani, mengi yalikuwa ya panya na ya maabara, na yaliyohusu watu hayakutosha kumwahidi mtu chochote. Tafiti nyingi zilikuwa za watu wachache na muda mfupi. Neno lililonirudia kila ukurasa lilikuwa "kidogo". Nililipigia mstari kwenye daftari langu. Shida ni kwamba kidogo hakimvutii mtu aliyekuja na maumivu mengi.

Basi nikaanza kufundisha jinsi ya kuzila, na haya Grace anayajua kwa moyo. Zisagwe, maana zikimezwa nzima hupita tumboni na kutoka zilivyoingia, hazijakuachia kitu. Kijiko kimoja, baadaye viwili, kwenye uji au mtindi. Maji ya kutosha. Zisiliwe pamoja na dawa, ziachane kwa saa moja au mbili, kwa sababu ule utelezi wake unaweza kuichelewesha dawa tumboni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, waulize kwanza. Usage kidogo kidogo na uweke mahali pa baridi, na unga ukianza kunuka rangi ya mlango, tupa.

Hata hapo nilikutana na mambo. Mama mmoja alikuja na chupa kutoka duka la vifaa vya ujenzi, mafuta yale mafundi seremala wanayopaka viti ili ving'ae. Alikuwa amesoma kwamba yanatokana na mbegu hizo hizo, na kweli yanatokana nazo, ila yametiwa kemikali za kuyakausha. "Ni bei nafuu, na ni mengi," aliniambia akiwa ameikumbatia chupa. Nilimpokonya. Mpaka leo ile meza ya chumba cha lishe inang'aa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya ofisi ya manunuzi. Na Kariuki, mwenye kinu cha kusaga unga pale mtaa wa Makongeni, alikuja mwenyewe hadi kliniki akiwa mweupe wa unga mpaka kope.

"Wewe ndio unatuma hawa wamama na hizo mbegu?" aliuliza. "Zimekuwa gundi kwa mashine yangu. Chekeche yote imeshikana. Nilikuwa nasagia watu mahindi, yanatoka kama matope!"

Tukakubaliana zisagwe na wimbi kavu, mwisho wa siku, kidogo kidogo. Kariuki akawa mwalimu mzuri kuliko mimi. Alikuwa anawafukuza waliokuja na gunia.

Mwaka mmoja niliamua kufanya jambo la kujivunia. Nilichagua watu kumi na wawili wa kliniki ya Jumanne, wote wenye presha, wote wanaomeza dawa. Kila siku kijiko cha unga wa mbegu, kila mwezi tunapima. Nilinunua karatasi ya manila, nikapiga mistari, nikaandika majina kushuka na miezi kwenda. Wenzetu wa lishe walikuwa na mkutano Juja baada ya miezi sita, na mimi nilitaka kusimama pale na karatasi yangu. Kwa nini nisiseme ukweli? Nilikuwa nimesoma za wengine muda mrefu, na mimi nikataka ya kwangu.

Jina la kumi lilikuwa la mzee Gachoka. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika mpaka alipostaafu, mtu mrefu, msafi, mwenye kofia aliyoivua kila alipoingia mlangoni. Nilipomweleza kwamba mmea huu ndio ule wa nguo za kitani, alicheka hadi akakaa.

"Miaka yote nimefuma pamba," alisema. "Sasa nimezeeka, mnanilisha uzi."

Kikundi chetu kilianza kama kliniki na kikageuka kanisa. Sikukipanga hivyo, lakini sikukizuia. Mnawajua watu wetu: wakikaa kwenye viti vya duara, lazima mtu asimame aseme "Bwana asifiwe". Baada ya kupima, aliyeshuka presha alisimama akatoa ushuhuda, na wengine wakapiga makofi. Mwezi wa pili, mzee Gachoka ndiye aliyekuwa ameshuka kuwapita wote. Alisimama na kofia mkononi.

"Nilikuwa nasikia kichwa kama mashine imelegea," alisema. "Sasa niko sawa. Hata nimepanda ngazi ya kanisa bila kusimama. Hii mbegu imenitoa mbali."

Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kama nilivyoyasema: "Mnaona? Mbegu zinafanya kazi. Mwangalieni mzee Gachoka." Sikutaja dawa alizokuwa anameza. Sikutaja kwamba kwa sababu ya kuhesabiwa, wote walikuwa wanakumbuka dawa kuliko zamani, na wamepunguza chumvi, na wanatembea hadi kwa Kariuki na kurudi. Sikusema "kidogo". Ile duara ilikuwa na furaha, na mimi nilikuwa katikati yake.

Mwezi wa tatu Gachoka hakuja. Wa nne hakuja. Wengine wawili pia walikuwa wamepotea. Nilingoja, nikauliza majirani juu juu, kisha nikachukua rula na penseli, nikapiga mstari juu ya majina matatu na kuandika pembeni, "hawakuendelea". Watafiti hufanya hivyo, nilijiambia. Waliobaki tisa walikuwa wameshuka wote. Karatasi ilipendeza sana.

Wiki moja kabla ya Juja nilimwonyesha Sista Mutheu. Alikuwa anakaribia kustaafu, na tayari alikuwa amebeba maua yake kwenda nyumbani moja moja, kwa hiyo dirisha lake lilikuwa tupu. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho.

"Wote wameshuka," alisema.

"Wote," nikasema.

"Mwangi. Tumshukuru Mungu ama tuangalie mizani?"

Nilisikia masikio yanawaka. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya mstari wa penseli.

"Hawa watatu wako wapi?"

"Waliacha kuja, Sista."

"Hiyo umeandika. Nimekuuliza wako wapi." Akavua miwani. "Wewe umefanya hii kliniki ikawa ushuhuda. Umewahi kuona mtu anasimama kanisani anasema, nimeombewa na sikupona? Hasimami. Anakaa nyumbani. Sasa enda nyumbani kwao."

Nilikwenda. Wa kwanza nilimpata kwa simu. Alikuwa amehamia Mwiki kwa mwanawe, mzima, anameza dawa zake, anakula mbegu akikumbuka. Wa pili alikuwa mama mmoja wa pale pale Makongeni. Kwanza alinificha ukweli, halafu akasema akitazama ukuta. Alikuwa anatafuna mbegu kavu kwa mkono bila maji, tumbo likamvimba na choo kikafunga siku nyingi. "Ningeenda kusema hiyo mbele ya wanaume, na nyinyi mnapiga makofi?" aliniuliza.

Nyumba ya mzee Gachoka ilikuwa mistari miwili ya nyumba mbele. Mlango ulifunguliwa na mke wake, Mama Nyokabi, na nilipouona uso wake nilijua kabla hajasema.

"Haiya, daktari," alisema. "Tulidhani umesikia."

Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mkono wa kushoto ulikuwa umelazwa pajani juu ya taulo iliyokunjwa, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kushika. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Kofia ilikuwa kichwani, na nilipoingia aliivua kwa mkono wa kulia, taratibu sana. Kile kitendo cha kuvua kofia ndicho kilichonishinda. Nilikaa bila kukaribishwa.

Binti yao alikuwa amemkimbiza hospitali moja upande wa Nairobi, karibu na kwake, na kiharusi kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Ndiyo maana hatukusikia. Mama Nyokabi alinisimulia akiwa amesimama. Baada ya ule ushuhuda, mzee aliweka pakiti ya dawa juu ya kabati na hakuigusa tena.

"Nilimwambia, Baba Nyokabi, meza dawa. Anasema amepona."

"Mzee, kwa nini?" nikauliza. Lilikuwa swali la kijinga, na nililiuliza kwa sauti ya kijinga.

Alijibu polepole, kila neno akilivuta. "Si nilishatoa ushuhuda? Wewe mwenyewe ulisema mbegu inafanya kazi. Ningerudi aje kumeza dawa, na watu wote wamenipigia makofi? Ningekuwa mwongo." Alipumzika. "Halafu kichwa ikaanza tena. Nikaona aibu kuja. Nikasema nitakuja ikishuka."

Mbegu alikuwa ameendelea kuzila kila siku, zimesagwa vizuri, kijiko sahihi. Alikuwa amefuata kila neno nililomwambia, na neno ambalo sikumwambia ndilo lililomwangusha. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona kabla wala baada. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba na mkewe pia. Mama Nyokabi alikwenda kuchemsha chai, na nilimshukuru kwa kunipa kisogo.

Mzee alinyoosha kidole. Nilikuwa bado nimeshika ile manila, imeviringwa na kufungwa kwa raba.

"Hiyo ndio ile karatasi? Nimo?"

Ningeweza kudanganya. "Ulikuwemo," nikasema. "Nilikukata."

"Fungua."

Nikaitandaza mezani, nikaishikilia pembe. Alitafuta jina lake muda mrefu, akaupata ule mstari wa penseli, akaufuata kwa ukucha toka mwanzo hadi mwisho, kama fundi anayetafuta mahali uzi ulipokatika.

"Nirudishe," alisema.

Nilitafuta kifutio mfukoni. Akakataa kwa kichwa, akafungua kiganja cha kulia, nikampa biro. Aliandika jina lake upya juu ya mstari wangu, kwa herufi kubwa, akibonyeza hadi karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho. Kisha akaniuliza safu ya mwisho inaandikwa nini. Nikamwambia ndiyo ya matokeo. Nikaandika "kiharusi".

"Andika na sababu," alisema. "Usiseme ni mbegu. Mbegu haikunifanya kitu. Ni mimi na wewe."

Tuliandika pamoja, yeye akisema na mimi nikishika biro: "Aliacha dawa baada ya kupigiwa makofi."

Juja nilisimama na majina kumi na mawili. Nilisema tisa walishuka, na kwamba siwezi kusema ni kwa mbegu, kwa dawa, kwa chumvi au kwa kutembea, maana nilikuwa nimetia vyote kwenye unga mmoja, kosa lile lile nililowagombeza akina mama wa Ruiru. Nilisema mmoja alivimbiwa na mmoja alihama. Nikasoma safu ya mzee Gachoka kama ilivyoandikwa. Swali la kwanza lilitoka nyuma, mtu akitaka kujua mbegu nilinunua duka gani.

Sista Mutheu alikuwa na mpango mwingine: mzee mwenyewe asimame tena mbele ya duara. Mwezi uliofuata, Jumanne, mzee Gachoka aliletwa na mkewe, akiwa na fimbo. Nilikuwa nimekwenda kumwomba mara mbili. Mara ya kwanza Mama Nyokabi alikataa kwa niaba yake, na alikuwa na haki. Mara ya pili mzee alisema atakuja. Alisimama kwenye duara, akavua kofia, ikabidi fimbo ishikwe na mkewe.

"Mimi nilisema hapa nimepona," alisema. "Nilikuwa sijapona. Niliacha dawa. Muangalie hii mkono."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyejua mikono iende wapi. Halafu mama mmoja karibu na mlango akasema, akiangalia chini, "Hata mimi niliacha. Tangu mwezi wa tano." Mwingine akasema anameza siku moja anaruka moja. Mzee mmoja akatoa mfukoni pakiti nzima, haijafunguliwa, akaiweka kwenye kiti. Ile siku tulikaa hadi chai ikapoa, na hiyo ndiyo Jumanne niliyofanya kazi kuliko zote. Tangu hapo tunaanza na wale ambao haikuwaendea vizuri. Mkiniuliza kitu kimoja cha kutunza kwenye kile chumba, tunzeni huo utaratibu.

Msidhani niliziacha mbegu. Nilizifundisha hadi wiki yangu ya mwisho, na mimi mwenyewe hula kijiko asubuhi kwenye uji wa wimbi. Zina faida kidogo, na kidogo ni kitu kizuri kikibaki kidogo. Miaka michache iliyopita nami niligunduliwa na presha. Aliyenipima alikuwa Grace, akicheka chini chini. Namezeshwa tembe mbili, naziacha mbali na uji, na nimejifunza kwamba dawa ya kila siku inachosha. Hilo sikulijua nilipokuwa nawahimiza wengine.

Sista Mutheu alirudi Yatta kwenye mbuzi wake. Hunipigia simu Krismasi kuniuliza kama nimepungua kilo, na nikimwambia ndiyo, huniuliza nilivaa nini nilipopima.

Mwezi uliopita mliniaga. Mlinunua keki, jambo la ajabu kwa kliniki ya sukari, na mkasema maneno mengi mazuri, mengine ya kweli. Niliamka alfajiri nikiwa na wasiwasi wa hotuba, nikapiga pasi shati mara mbili, nikawahi kabla ya wafagiaji. Watu wa Jumanne walikuja wote. Mzee Gachoka alikuwa mstari wa mbele, mzee sana sasa, kofia gotini. Grace aliposema nimewahudumia kwa uaminifu miaka yote hiyo, mlisimama mkapiga makofi, na hayakuisha haraka. Machozi yalinijia, sioni haya kusema. Mzee Gachoka hawezi kupiga makofi kwa mkono ule. Aliniita kwa kidole, nikainama hadi sikio langu likafika mdomoni mwake, maana makofi yalikuwa bado yanaendelea.

"Mwangi," aliniuliza, "dawa umemeza?"

Nilikuwa sijameza.